Mstari wa Serkali

Kikao cha mirathi kilikuwa kimeshafika pabaya pale shangazi alipotoka chumbani na kasha la bati, akalitua juu ya mkeka katikati yetu.

"Kabla hamjagawana matofali, gawaneni haya," akasema, akarudi zake jikoni.

Ndani mlikuwa na kanga mbili, stakabadhi za kodi ya kiwanja zilizofungwa kwa uzi, tasbihi iliyokatika kishada, na daftari lenye jalada gumu jeusi. Kanga ziliondoka na wanawake. Stakabadhi alizinyakua binamu yangu anayeshughulika na dalali. Tasbihi alichukua mdogo wangu. Daftari hakuna aliyelitaka, maana lilikuwa limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na katika ukoo wetu aliyezijua khati hizo alikuwa marehemu bibi peke yake.

Nyumba yenyewe hamna haja ya kuelezwa. Ilala, vyumba sita, ukumbi katikati kutoka barazani hadi uani. Imeshapata mnunuzi, atavunja na kupandisha ghorofa. Sikuwa na ugomvi na hilo. Nilikwenda kusaini.

Nikaondoka na daftari.

Nukta

Ilinichukua wiki mbili kumpata wa kunisomea. Ni mwalimu wa madrasa, mtu mzima sana, wa kizazi ambacho wazazi wao waliandikiana barua kwa khati hizo. Alivaa miwani, akalifungua kwa upande wa kulia, akasoma kimyakimya. Chai yake ikapoa.

"Hizi ni maiti," akasema.

Kila ukurasa mtu mmoja. Juu kabisa jina na alikotoka: Rufiji, Kisarawe, Songea, mmoja Mahenge. Chini yake gharama: bafta ya sanda, kafuri, ubani, mchele wa hitima, mchimba kaburi. Chini ya gharama, waliotoa. Mama muuza vitumbua, senti hamsini. Mpangaji wa chumba cha mbele, shilingi moja. Fundi cherehani wa barazani, "mkono wake", yaani alitoa kazi badala ya pesa. Bibi hakujiandika kwa jina. Alijiita "mwenye nyumba", na kila ukurasa ndiye aliyefunga hesabu. Kilichopungua, alikijaza yeye.

Halafu, chini ya mwenye nyumba, mstari mmoja zaidi. Ustadhi aliurudia mara mbili, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Serkali," alisoma. "Sifuri."

Katika tarakimu hizo sifuri haina duara. Ni nukta tu, kama tone la wino lililoponyoka. Mimi nilidhani ni doa.

Kurasa kumi na moja. Nukta kumi. Ukurasa wa kumi na moja nitaufikia.

Rasimu niliyoifuta

Usiku huohuo nilikaa nikaandika makala. Mnaweza kuikisia: mkoloni hana utu, bibi ana utu, sisi tunazikana, wao wanakusanya kodi. Ilikuwa tamu. Nilikwenda kulala nikijua itasambazwa.

Asubuhi nilipoisoma ikanichefua.

Kilichonikwaza ni kitu kidogo. Mtu haweki mstari kwa ajili ya mtu asiyemtarajia. Mimi ni mweka hazina wa kundi letu la ukoo la WhatsApp, kwa hiyo mistari mitupu naijua kazi yake. Mjomba ambaye hajatoa, unamwandika jina lake na unaacha pembeni wazi, halafu unaituma orodha tena, na tena, mpaka aone haya. Ukimfuta umemsamehe.

Bibi hakumfuta Serkali. Mara kumi na moja alimwandika, miaka ile ya 1950, wakati ambapo yeye mwenyewe kwa hesabu za serikali hiyo huenda alihesabiwa miongoni mwa "wasiojua kusoma", maana herufi alizozijua hazikuwa herufi walizozihesabu.

Je, alikuwa anadai? Au anakejeli? Nimebeba swali hilo wiki ya saba sasa. Nimelibeba kwenye daladala, nimelibeba msibani.

Kila mtu ana kwao

Nilianza na upande wa serikali, kwa sababu nilitaka kujua walijiambia nini wenyewe. Watu wachache sana huamka asubuhi wakasema leo nitakuwa mbaya.

Walichojiambia ni hiki: Mwafrika ana kwao.

Ndiyo nguzo ya mambo yote. Mfanyakazi wa mjini alionekana kama mtu aliyetoka kidogo tu. Mke yuko shamba, wazee wako shamba, chakula cha uzeeni kiko shamba. Kwa hiyo mshahara ukapimwa kwa tumbo la mwanamume mmoja. Pensheni ya nini, wakati kuna ukoo? Bima ya ugonjwa ya nini, wakati kuna mjomba? Nyumba ya familia ya nini, wakati familia haipo hapa na haikutakiwa kuwapo? Mji wenyewe ulikuwa umekatwa vipande vitatu, na majina yake tunayatumia hadi leo bila kuona aibu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uswahilini serikali ilipima viwanja na kunyoosha mitaa. Kujenga, jijengee.

Na watu walijijengea. Hapo ndipo wanapoingia kina bibi: fito, udongo, makuti, baadaye madebe yaliyopasuliwa, baadaye bati. Chumba kimoja unalala, vitano unapangisha. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa Dar es Salaam ya kikoloni walilala kwa wenye nyumba wa namna hiyo, na miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake.

Asiye na kazi alikuwa na jina lake: mhuni. Mwaka 1944 ikapitishwa sheria ya kuwaondoa mijini wasiotakiwa, na polisi wakawa wanapita kukagua stakabadhi za kodi, wanakamata, wanasafirisha. Warudi kwao. Neno "kwao" likawa sera nzima ya ustawi wa jamii.

Mji haukusikia. Sensa ya 1948 ilikuta watu karibu 70,000 Dar es Salaam. Ile ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000.

Niliposoma hayo ndipo nilipoanza kulitazama daftari kwa jicho la pili. Ukoo wa kusaidiana haukuwa kitu ambacho serikali ilikisahau. Ilikuwa imekipigia hesabu. Senti hamsini za mama muuza vitumbua zilikuwa tayari kwenye bajeti ya mtu fulani ofisini, upande wa vitu visivyohitaji kulipiwa.

Pesa zilipokuja

Haki itendeke: zilikuja.

Miaka ya 1930 visiwa vya Karibi viliwaka migomo na ghasia, London ikatuma tume chini ya Lord Moyne, na ripoti yake ilikuwa chungu kiasi kwamba hawakuichapisha yote hadi 1945. Wakati vita vinaendelea, mwaka 1940, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, hadi pauni milioni tano kwa mwaka. Mwaka 1945 wakaipanua, pauni milioni 120 kwa miaka kumi, makoloni yote. Kabla ya hapo msimamo ulikuwa kila koloni lijilishe lenyewe.

Mimi huwa nakumbuka kwamba kilichofungua mfuko ni moto. Huku kwetu makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1947, na mgomo ukapanda na reli kwenda bara. Baada ya hapo ghafla kila ofisa alikuwa na la kusema kuhusu nyumba za Waafrika.

Zikajengwa kota. Ilala, Temeke, baadaye kwingine. Zikafunguliwa pia nyumba za ustawi, kwanza kwa ajili ya askari waliorudi vitani: magazeti mezani, chai, redio, madarasa ya Kiingereza, kushona kwa akina mama. Waliozijaza zaidi walikuwa makarani. Askari wa kawaida na kuli wa kawaida walikuwa na vilabu vyao vya pombe na ngoma zao, na hawakuona sababu ya kwenda kunywa chai mbele ya bwana ustawi.

Kubwa kuliko zote ni ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliofunguliwa 1952. Na hapa mpaka kati ya serikali na hisani unaanza kufifia, kwa sababu pesa zake zilitoka kwa George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki. Serikali ikaweka mpango, tajiri akaweka fedha, Waafrika wakaletewa mahali pa kustaarabika jioni.

(Nitachokoza kidogo. TANU, chama kilichokuja kuiondoa serikali hiyo, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, umbali wa kutembea kutoka hapo, katika jengo la African Association New Street ambalo Waafrika walilisimamisha kwa michango na kujitolea kwao. Chai ya pale haikuwa ya serikali.)

Jambo moja lilinirudisha nyuma zaidi. Nilikua nikiamini kwamba kujitolea na kujisaidia ni lugha yetu, ya Uhuru, ya Azimio la 1967. Kumbe maofisa wa maendeleo wa miaka ya 1950 waliihubiri vijijini kila siku: nyinyi leteni mawe na nguvu, sisi tutaleta saruji. Tuliirithi pamoja na majengo.

Waliokuwa na pa kushika

Kuna hoja ambayo huwa inarushwa barazani kila mazungumzo haya yakianza: mbona Wahindi walijijengea? Nimeirusha hata mimi.

Ni kweli walijenga. Tena kwa wote, sio kwao tu. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897, alitoa fedha ya hospitali iliyowatibu Waafrika na Wahindi wa Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu karne, na hadi leo ukienda Muhimbili utaelekezwa jengo la Sewa Haji na mtu ambaye hajui ni nani. Serikali iliendesha hospitali ambayo haikuijenga kwa fedha zake. Mwaka 1946 Aga Khan, kiongozi wa Waismaili, alipimwa uzito wake kwa almasi hapahapa mjini kwenye jubilei yake, na fedha zilizochangwa zikawekwa kwenye mfuko wa kukopesha. Nyumba nyingi za Waismaili kule Upanga zilisimama kwa mikopo ya namna hiyo.

Sasa mlinganishe na Wazaramo Union, au vyama vingine vya makabila vilivyojaa mji ule. Moyo walikuwa nao. Lakini kiwanja cha Kariakoo au Ilala mwenye nyumba alikishika mwaka hadi mwaka, na benki haikopeshi juu ya karatasi ya mwaka mmoja. Tena palikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliyotungwa ati kuwalinda wasidhulumiwe na wenye maduka. Mkopeshaji hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani bila ruhusa maalumu, basi nani atamkopesha? Ulinzi huo uliwafungia nje ya kitu chenyewe kinachojenga ghorofa.

Ndiyo maana vyama vyetu vilikuwa hodari wa kuzika. Kuzika kunawezekana kwa senti hamsini.

Sentensi hiyo niliiandika nikasimama, nikatoka nje kidogo.

Mzee wa Temeke

Shangazi ndiye aliyenikumbusha kwamba mpangaji mmoja wa zamani yupo hai. Alikuwa kuli bandarini, sasa ana miaka tisini na kitu, anaishi kwa mjukuu wake. Nilikwenda Ijumaa baada ya swala. Macho yamefifia lakini ulimi uko palepale.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa yule bibi mkali?"

Mkali. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mtu akimwita hivyo.

Akanieleza. Chumba kimoja, wanaume wanne, kila mmoja kodi yake. Ukichelewa siku tatu, unakuta mkeka wako barazani. Maji ya kisima cha uani, ndoo mbili kwa kichwa, na alikuwa anahesabu. "Akikuzika anakuzika vizuri," alisema, "lakini ukiwa mzima hakuonei huruma ng'o."

Alipopata kota Temeke alishukuru Mungu, na hapo uso wake uliamka kama wa kijana. Sakafu ya saruji! Bati! "Mvua nilikuwa naisikia, siioni." Bomba halikuwa na mtu wa kusimama akikuhesabia. Kodi ilikuwa inajulikana, haipandi kwa sababu mwenye nyumba kaamka vibaya. Nilikuwa nimekwenda na kalamu yangu tayari kwa mateso ya mkoloni, na mzee ananisifia sakafu.

"Sasa mbona Ijumaa zote ulikuwa unarudi Ilala?" nikamuuliza, maana shangazi alishaniambia.

Akafikiri.

Mama yake alikuja kutoka Rufiji, akasema. Amekuja kuugua, kama wazee wanavyokuja. Chumba ni kimoja na yeye keshaoa. Kota haina baraza. Ile nyumba ilichorwa na mtu asiyejua kwamba mtu huwa na mama. Akamchukua mama akampeleka kwa mwenye nyumba wake wa zamani, yule mkali, ambaye alimpa kona ya ukumbini, akamwambia kodi yake ni kumenya nazi.

"Alifia pale. Alizikwa kutoka pale."

Nikafungua daftari. Ustadhi alikuwa ameniandikia kila ukurasa kwa penseli kwa herufi zetu. Rufiji, mwanamke. Ukurasa wa kumi na moja.

Mbao nne

Ukurasa huo mstari wa mwisho hauna nukta. Umeandikwa: Serkali, mbao nne.

Mbao za kufunikia mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Nilikuwa nimeujengea ukurasa huo nadharia nzima: kwamba hatimaye dola ilisikia, kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950, kima cha chini cha mshahara kilipokwishawekwa Dar es Salaam mwaka 1957 na wakubwa wakaanza kukubali kwamba mfanyakazi ana familia, hata maiti ya mama wa kuli ilipata haki yake. Nilimsomea mzee mstari huo kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema.

Mzee akacheka kama alivyocheka ustadhi.

Serkali alikuwa kijana mmoja, akasema. Karani wa ustawi, alipanga chumba cha pili mkono wa kushoto. Suruali fupi nyeupe, soksi hadi magotini. Watu walikuwa wakimwita hivyo kumtania: Serkali kaamka, Serkali anaoga, Serkali hajalipa kodi. Kila msiba ulipotokea bibi alimwambia mbele ya watu, haya, ofisi yenu inatoa nini? Na yeye kila mara alikuwa anakwenda ofisini kweli, anauliza kweli, anarudi na jibu lilelile: marehemu hana haki yoyote, apelekwe kwao. Bibi anaandika nukta. Huyo kijana mwenyewe mchango wake wa mfukoni aliutoa kila mara, kwa jina lake, juu kwenye orodha ya wapangaji.

Nilirudi kutazama. Yumo. Ukurasa hadi ukurasa, shilingi mbili, shilingi mbili.

Na zile mbao?

"Aah. Zile alizichukua stoo, jioni. Hakuuliza mtu."

Sijui niziite nini mbao hizo. Mchango wa serikali ni ule ambao serikali haikuutoa, ulioletwa na mtumishi wake aliyechoka kurudi na nukta. Bibi aliziandika upande wa ofisi, sio upande wa kijana. Ama alikuwa anamficha, ama anambana mwajiri wake kwenye daftari, sasa umeshatoa, huna tena njia ya kusema haikuhusu. Nikimjua bibi wa mzee huyu, sio bibi wangu wa utotoni, nadhani yote mawili.

Baada ya ukurasa huo daftari ni tupu. Uhuru ulikaribia, likaja Shirika la Nyumba la Taifa 1962, ukaja mfuko wa akiba ya wafanyakazi 1964. Bibi aliishi hadi mimi nikiwa sekondari. Labda alianza daftari jingine. Labda aliacha kumwandika.

Mzee akaniomba daftari alishike. Akalipapasa jalada, akauliza kama deni lake limo. Nilimwambia sijui deni gani. Akasema kwa mama yake yeye aliahidi shilingi tano na akatoa mbili, mgomo ulikuwa umemkausha, na mwenye nyumba alimwambia utamalizia.

Nikatafuta kwa kidole kwenye penseli ya ustadhi. Limo. Mwana wa marehemu, tano, zimepokelewa mbili.

Mzee aliingiza mkono kwenye kikoi, akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne, akaishika hewani kati yetu kwa sababu hakuona vizuri nilipokaa.

"Sasa hii," akasema, "nampa nani?"